Matumizi ya neno "pua": jibu kwa mzazi mwenye mtoto wa darasa la sita

Mzazi mwenzetu anasema mwanawe ameagizwa shuleni kuleta matumizi matano ya neno "pua", na nyumbani wameishia mawili. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka mingi, Tanga kisha Morogoro, kwa hiyo niruhusuni nijibu kwa kirefu.

Anzeni na "kumtokea mtu puani". Wanafunzi wanaipenda sana nahau hii, na ndiyo wanayoiharibu kuliko zote. Wanaandika "mtihani ulinitokea puani" wakimaanisha ulikuwa mgumu. Hapana. Anayetokewa puani sharti kwanza awe amekula. Mtu akinywa uji kwa pupa akapaliwa, uji uleule uliokuwa mtamu mdomoni hurudi kwa njia ya pua, ukamwasha mpaka machozi yakamtoka. Ndiyo maana aliyetafuna fedha za kikundi cha akina mama huambiwa, "Zitakutokea puani!" Raha hutangulia, kisha raha hiyohiyo inageuka adhabu. Kwa hiyo "kuibia mtihani kulimtokea puani" ni sahihi kabisa. Mwambie mtoto atunge sentensi yenye vitu vyote viwili, utamu na majuto, na mwalimu wake ataona kwamba ameelewa.

"Kukunja pua" ni dharau au kinyaa, tofauti na kukunja uso, ambako mara nyingi ni hasira. Darasani nilikuwa nawaigizisha: mmoja anakunja uso, mwingine anakunja pua mbele ya sahani ya mlenda, wenzao wanasema nani kakasirika na nani anadharau. Watoto hawahitaji maelezo hapo. Mgeni akikunja pua mbele ya chakula chako unaumia kuliko angesema ameshiba.

"Pua na mdomo" ni ukaribu. "Kwetu na sokoni ni pua na mdomo," yaani hata jasho hulitoi kabla hujafika.

Halafu kuna "kusema puani", na hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri. Sauti za m, n, ny na ng' tunaziita ving'ong'o kwa sababu hewa yake hupitia puani. Mwambie mtoto aanze kuguna "mmmm" mdomo ukiwa umefumbwa, kisha abane pua: sauti inakatika papo hapo. Ndiyo maana mwenye mafua makali akisema "mama" inakaribia kusikika "baba". Wapo watoto ambao hewa inawatoka puani hata kwenye sauti zisizohitaji, kwa mfano baadhi ya waliozaliwa na mdomo sungura uliofika kwenye kaakaa. Nimeona watoto wa namna hiyo wakiacha kunyoosha mkono darasani kwa kuchekwa, ilhali majibu wanayo. Kama nahau hii itatumika nyumbani, isitumike kumcheka mtu.

"Chuma cha pua" kinawachanganya wengi. Hiyo pua haihusiani na kiungo cha mwili. Ni chuma kigumu kilichochanganywa na kaboni kidogo. Siku hizi tukisema sufuria au sinki la chuma cha pua, kwa kawaida tunakusudia kile kisichoshika kutu kwa urahisi, ambacho kimeongezewa kromiamu kuanzia asilimia 10.5 hivi. Mtoto aandike wazi kwamba maneno haya yanafanana umbo tu.

Hayo ni matano. Akitaka la ziada, kuna "mianzi ya pua", yaani matundu yake, kwa kuwa yana uwazi ndani kama mwanzi. Vipini na hazama ni mapambo yanayovaliwa puani, lakini hayo ni msamiati tu, nisingeyahesabu kama matumizi ya neno lenyewe. Mwalimu akiyakubali, sawa.

Nahau azitungie sentensi zake mwenyewe, asinakili zangu.