Niwaandikie wakuu wa maabara ambao hawajatangaza nafasi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nimetetea tasnifu yangu ya uzamivu kuhusu usugu wa vimelea vya malaria kwa dawa ya artemisinini. Sampuli zangu ni za Kagera. Tangu hapo naomba kila nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu inayotangazwa Ulaya na Marekani, sijibiwi. Je, ni utovu wa adabu kumwandikia mkuu wa maabara ambaye hajatangaza kitu?

JIBU: Marahaba, na hongera. Si utovu wa adabu hata kidogo. Nafasi nyingi hupatikana hivyo hivyo, kwa sababu mshahara wa mtafiti wa aina yako mara nyingi hutoka kwenye fedha za mradi wa mkuu wa maabara mwenyewe. Tangazo likitoka, huenda tayari ana mtu wake.

Kazi iko kwenye barua. Zile za "nimevutiwa sana na maabara yako tukufu" napokea nyingi, na sizimalizi kusoma. Wewe una kitu adimu, kitaje mapema. Mfano (P. falciparum ni kimelea cha malaria, dihidroartemisinini ni dawa ya jamii ya artemisinini, na R561H ni badiliko la jeni linaloleta usugu):

"Nimekuza P. falciparum kutoka kwa wagonjwa wa Kagera, nikapima vimelea vya hatua ya pete: saa 6 ndani ya dihidroartemisinini, kisha kuhesabu vilivyosalia saa ya 72. Makala yenu ilipandikiza badiliko la R561H kwenye vimelea vya maabara. Ningependa kujua kama usugu huo unabaki vile vile kwa vimelea vya wagonjwa wetu."

Hapo msomaji ameshajua mkono wako unaweza nini na umesoma nini. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili, na majina ya wadhamini watatu ambao kweli hujibu barua pepe. Msimamizi wako akiwa mzito wa kujibu, mwombe barua mapema. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja tu, basi.

Mlango wa pili ni kwenda na ufadhili uliouomba kwa jina lako. Kwa Ulaya, angalia ufadhili wa Umoja wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie: unaomba pamoja na maabara itakayokupokea, na mwisho wa maombi kwa kawaida ni Septemba, kwa hiyo barua ya kwanza iende Machi au Aprili. Wengi hukwama kwenye sharti la makazi: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho. Kama ulisoma nyumbani, halikugusi. Kwa Marekani, usipoteze muda na ufadhili wa F32 wa NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani), ni wa raia na wakazi wa kudumu tu. K99, ufadhili mwingine wa NIH, hauna sharti la uraia, ila huombwa ukiwa tayari kwenye maabara ya huko. Na tangu 2025 bajeti ya NIH imeyumba, kwa hiyo uliza wazi fedha za nafasi zinaishia lini.

Usiziruke maabara za utafiti za hapa Afrika Mashariki: Kilifi, Bagamoyo na Entebbe. Kwa malaria, kuna maabara nyingi za Ulaya ambazo zingetamani kuwa karibu na wagonjwa kama zilivyo hizo.

Ukiitwa kwenye usaili, omba kuzungumza na watafiti wa maabara hiyo bila bosi wao kuwapo. Waulize waliotangulia wako wapi sasa, na kama anayeondoka huruhusiwa kuondoka na sehemu ya mradi wake.