Asiyekuuliza unapaka nini, asikuguse uso

Dada, usiende Jumamosi. Umeandika kwamba saluni moja hapa Kigoma imekuahidi kukusugua uso kwa mashine, ile maikrodemabresheni, ili madoa ya chunusi yatoke kabla ya harusi yako wiki tatu zijazo, na katikati ya maelezo umetaja, kana kwamba si jambo kubwa, kuwa bado unapaka krimu ya kung'arisha kila usiku. Hapo ndipo nilipoponzwa mimi.

Nilikuwa nimepaka krimu ya kung'arisha kama yako, yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, kwa miezi minane. Mwenye mashine hakuniuliza lolote, na nilipomweleza mwenyewe alinijibu kwamba ngozi iliyolainika ndiyo inayosuguka vizuri. Maneno hayo yananichoma mpaka leo, kwa sababu steroidi ikipakwa muda mrefu huikondesha ngozi, nayo mashine ile imekusudiwa kuondoa seli zilizokufa za tabaka la juu kabisa, ama kwa kurusha chembe za oksidi ya alumini na kuzifyonza, ama kwa ncha yenye chembe za almasi. Sasa ngozi ikiwa imekwisha kukonda, kitakachosuguliwa ni nini? Alipopitisha mara ya tatu kwenye shavu langu la kushoto, nilikiona kitambaa cheupe alichonifutia kina vitone vya damu. Akasema ni uchafu unatoka. Damu yangu akaiita uchafu, kisha akapokea fedha!

Kesho yake nikaenda Kibirizi kununua dagaa, jua la saa sita, bila losheni ya kukinga jua, kwa kuwa hakuna aliyeniambia. Baada ya wiki mbili shavu lilikuwa na baka jeusi, refu, lililofuata njia ileile iliyopita mashine. Ngozi zetu nyeusi zikiumizwa humwaga rangi nyingi mahali palipoumia, na baka langu lilichukua miezi kumi na moja kufifia. Anayetaka kucheka na acheke, mradi wewe usiwe wa kuchekwa baada yangu.

Kwa hiyo shika hili moja: asiyekuuliza unapaka nini, asikuguse uso. Hata krimu ya tretinoini, ambayo ni dawa halali ya chunusi, husimamishwa siku kadhaa kabla ya kusuguliwa. Ya steroidi usiikatishe ghafla kwa uamuzi wako, maana uso unaweza kulipuka vipele na kuwaka moto. Daktari ndiye atakayekuelekeza namna ya kuipunguza. Isitoshe, kazi hii hufanywa kwa awamu kadhaa zinazoachana kwa wiki, na makovu yenye mashimo haiyafikii, hivyo aliyekuahidi uso mpya ndani ya wiki tatu amekudanganya.

Jumamosi hiyo nenda kwa daktari wa ngozi, ukiwa umeshika kikopo cha hiyo krimu mkononi, asome mwenyewe kilichoandikwa.