Maswali ya Wasomaji: Njia, Shirika na Treni ni Makala Tatu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Tabora, nafanya kazi Dar es Salaam. Niliandika makala ya kamusi elezo ya mtandaoni nikaiita "Reli Tanzania". Nimeweka humo Wajerumani, TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), ajali, mashirika na treni ya umeme. Wenzangu wanasema haisomeki, niigawe, ila hakuna aliyenionyesha pa kukata. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekulia Tabora, kwenye nyumba za reli, baba yangu akiwa stesheni masta, na miaka mingi sasa nahariri makala za aina hii. Barua yako nimeisoma kwa furaha.

Kata hapa: njia iliyolala ardhini ni kitu kimoja, shirika linaloiendesha ni kitu cha pili, treni inayopita juu yake ni cha tatu. Kila kimoja kina umri wake. Njia ya Dar es Salaam hadi Kigoma, yaani Reli ya Kati, ilianza kujengwa 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Walioishika ndio waliopokezana: Wajerumani, kisha majeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Tanganyika Railways yao, kuanzia 1948 shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki, 1977 Shirika la Reli Tanzania (TRC) baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, 2007 kampuni ya TRL, na 2017 TRC ikarudi kwa sheria mpya. Ukiieleza historia ya njia ndani ya makala ya TRC, mtoto wa shule atakayeisoma ataamini TRC ndiyo iliyotandika mataruma kufika Kigoma. Ukifanya kinyume chake, nusu ya makala ya njia itajaa mabadiliko ya bodi na sheria, na mtu aliyetaka kujua reli inapita wapi atachoka kabla hajafika Ruvu.

Kwa hiyo makala ya kwanza iwe Reli ya Kati. Ianzie pwani iende bara, kwa mpangilio ule ule wa ujenzi. Eleza kwa nini ilijengwa, nani alilipa, nani alibeba udongo na mawe, na matawi yake: la Tabora hadi Mwanza lililofika ziwani 1928, na lile la Kaliua hadi Mpanda. Ukifika Kigoma usiache kuitaja meli ya Liemba. Iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapandishwa treni Dar es Salaam na kuunganishwa upya kando ya Ziwa Tanganyika. Sentensi moja inatosha, na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye makala ya meli yenyewe.

Reli ya kisasa ipewe makala yake hata kama inapita jirani na ile ya zamani. Upana wake ni milimita 1,435, inatumia umeme, na abiria walianza kuipanda kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, Dodoma mwezi uliofuata. Ile ya zamani ni ya mita moja kamili. Hizo ni njia mbili, ujenzi wake umepishana kwa zaidi ya karne moja, na kuziweka pamoja ni kumchanganya msomaji.

TAZARA ndiyo itakayokusumbua, kwa sababu jina ni la njia na pia ni la mamlaka. Maoni yangu ni kwamba makala moja inatosha kwa sasa, sehemu ya njia ikitangulia: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ujenzi wa 1970 hadi 1975 kwa mkopo na mafundi wa China, makabidhiano ya 1976. Mamlaka ifuate chini. Siku sehemu hiyo ikiwa ndefu kuliko ya njia, itoe iende peke yake. Lakini jambo moja lieleze vizuri tangu mwanzo, maana wengi hawalijui: TAZARA ina upana wa milimita 1,067, wa reli za kusini mwa Afrika, na kwa hiyo behewa la Kapiri Mposhi haliwezi kuendelea hadi Tabora. Mizigo huhamishwa Kidatu, ambako tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa linakutana na TAZARA. Maelezo kamili yaweke kwenye makala ya TAZARA, na kwenye ya Reli ya Kati utaje kwa kifupi. Ukiyaandika kwa urefu sehemu mbili, mwaka ujao mtu atarekebisha moja na nyingine itabaki na habari ya zamani.

Ajali ya Igandu ya 24 Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma mteremkoni ikagonga treni ya mizigo na watu 281 wakafariki, inastahili makala yake. Iandike kwa utulivu. Wako watu watakaoisoma wakitafuta siku waliyompoteza ndugu.

Stesheni usizifungulie makala zote. Zipange kwenye jedwali ndani ya makala ya njia, na zile zenye historia ya kutosha, kama Tabora au Dodoma, ndizo zipate ukurasa. Ukurasa unaosema tu kwamba stesheni fulani ipo kati ya stesheni mbili nyingine haumsaidii mtu. Na kwenye jamii, yaani makundi ya kupangia makala, weka kila makala katika jamii ndogo kabisa inayoifaa. TAZARA iingie ya Tanzania na ya Zambia pia, maana kwa Wazambia nako ni yao.

SWALI: Shikamoo shangazi. Babu yangu alikuwa gadi kwenye njia ya Tanga. Aliniambia zamani kutoka Moshi ulikuwa unafika Nairobi kwa treni kwa urahisi kuliko kufika Dar es Salaam. Nikaandika hivyo kwenye makala, ikafutwa kwa kukosa chanzo. Nimeumia. Ina maana babu yangu ni mwongo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu yako amesema kweli tupu, na nitakuonyesha.

Njia ya Tanga ilianza kujengwa 1893, kabla ya Reli ya Kati, ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wakati wa vita hiyo Waingereza walijenga tawi kutoka Voi, upande wa Kenya, likaja kuungana na njia ya Tanga pale Kahe. Lakini kati ya njia ya Tanga na Reli ya Kati hapakuwa na reli yoyote hadi 1963, kipande cha Mnyusi hadi Ruvu kilipofunguliwa. Kwa hiyo miaka yote hiyo mtu wa Moshi alipanda treni akafika Voi, akaendelea Nairobi. Dar es Salaam hakukuwa na treni ya kumfikisha.

Umeona kazi aliyoifanya mzee? Amekuelekeza pa kutafuta. Kamusi elezo haiwezi kutaja "babu yangu" kwenye tanbihi, kwa sababu msomaji wa Mwanza hana namna ya kwenda kumuuliza. Inaweza kutaja ripoti ya mwaka ya reli, ratiba iliyochapishwa, gazeti la wakati ule. Muulize kama ametunza kitabu cha kanuni au ratiba. Wazee wa reli hawatupi karatasi. Nenda pia Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na ukifika Nairobi pitia makumbusho ya reli.

Na mzee mwenyewe mrekodi. Usingoje. Andika tarehe, stesheni alizofanyia kazi, majina ya kazi za wenzake, namna taa na bendera zilivyotumika. Nakala ipeleke kwenye maktaba ya chuo kikuu. Mtafiti akiitumia na kuchapisha, maneno ya babu yako yataingia kwenye kamusi kwa mlango wa mbele.

SWALI: Simba wa Tsavo, wale waliokula wajenzi wa Reli ya Uganda huko Kenya, waliua watu 135 au 28? Kila ninaposoma ni tofauti.

JIBU: Usichague namba moja ukaiandika kama vile hakuna ubishi. Andika nani alisema nini. Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao 1898, ndiye aliyetaja 28 kwa vibarua wa Kihindi, akisema Waafrika waliouawa hawakuhesabiwa. Baadaye akataja 135. Utafiti uliochapishwa 2009, uliopima mifupa na manyoya ya simba hao yaliyohifadhiwa Chicago, ulikadiria kama 35. Weka namba zote tatu pamoja na waliozitaja. Na sehemu hiyo isimeze makala nzima: vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli hiyo, na karibu 2,500 walikufa, wengi kwa maradhi. Hao nao waandikwe.

SWALI: Reli ya Uganda iliishia Kisumu, na Kisumu iko Kenya. Nibadilishe jina la makala?

JIBU: Hapana. Reli ilipofika Kisumu 1901 mji huo ulikuwa ndani ya Uganda kwa mipaka ya wakati ule. Ilikuwa 1902 ndipo eneo hilo lilipohamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Acha jina lililotumika, eleza mabadiliko ya mpaka kwenye aya ya kwanza, kisha weka elekezo, yaani ukurasa unaompeleka msomaji kwenye makala hii, kwa majina mengine ambayo watu wanaweza kutafutia.