Kabla ya Kulaumu Taa: Kasi ya Kuitikia Mwanga katika Picha za Paladiamu

Kwa miezi kadhaa ya kuchapa picha za paladiamu, ambazo weusi wake ni metali ya paladiamu, nililaumu taa. Negativu niliyozoea kuichapa kwa dakika 8 chini ya mirija ya urujuanimno ilianza kunipa mawingu ya rangi ya majivu, nami nikawa nabadilisha muda kila jioni bila kupata nafuu. Jibu lilikuwa pembezoni mwa karatasi: ukingo uliopakwa dawa lakini ukafunikwa usipate mwanga, ambao baada ya kusafishwa ulipaswa kurudia weupe wake, nao ulikuwa na ukungu.

Kinachopokea mwanga katika kazi hii ni oksaleti ya feriki, wala si paladiamu yenyewe. Urujuanimno huigeuza feriki kuwa ferasi (hizi ni hali mbili za chuma), na ferasi ndiyo inayoifanya chumvi ya paladiamu iwe metali nyeusi ndani ya dawa ya kusafishia. Mchanganyiko uliozeeka huwa tayari na ferasi kabla haujaona mwanga, kwa hiyo ukungu hutokea hata gizani. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa paladiamu, ambayo bei yake haina huruma, hudondosha tone la feriki kwenye myeyusho wa ferisianidi ya potasi. Likigeuka buluu iliyokolea, chupa hiyo naiweka kando. Natengeneza kidogo kidogo na kuandika tarehe kwenye kila chupa.

Matone nayo hudanganya, kwa kuwa ukubwa wake hutegemea mdomo wa kitoneshi. Napima kwa sirinji ndogo, feriki na paladiamu kwa ujazo sawa, nikiwa nimevaa glavu, maana oksaleti ni sumu.

Kwa sisi tunaoishi pwani, unyevunyevu ni mgeni asiyeaga. Karatasi iliyokauka mno hutoa weusi dhaifu, na iliyoloa huweza kuiharibu negativu iliyoilalia, hivyo naiacha karatasi katika kasha lenye kipimo cha unyevu hadi kisome kati ya asilimia 50 na 60. Dawa ya kusafishia, yaani oksaleti ya potasi, naitumia katika joto lile lile kila mara, kwani ikipashwa moto huongeza kasi, yaani wepesi wa karatasi kuitikia mwanga, na kuipa picha rangi ya kahawia.

Hayo yakishatulia, nachapa kipande cha filamu chenye ngazi 21 za weusi kando ya negativu. Kila ngazi hutofautiana na jirani yake kwa 0.15 katika kipimo cha logi cha weusi, ambapo 0.30 ni sawa na mara mbili, kwa hiyo weusi ukihama ngazi mbili, kasi imebadilika mara mbili.