Maswali na Majibu: Zabuni za Ujenzi katika Halmashauri

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu kazi za ujenzi zinazofanyika katika halmashauri zetu: madarasa, zahanati, vyoo vya shule, mifereji na barabara za mitaani. Majibu yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya ununuzi. Msingi wake ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 pamoja na kanuni zake za mwaka 2024, ambazo zilibadilisha mambo mengi waliyoyazoea makandarasi wa siku nyingi.

Mimi ni fundi mwashi wa miaka mingi. Madarasa kadhaa ya kata yetu nimeyajenga mimi na wenzangu kwa utaratibu wa force account. Sasa nataka kupata kazi za halmashauri kwa jina langu mwenyewe. Je, ni lazima nisajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, au uzoefu wangu unatosha? — Fundi, Kigoma

Jibu linategemea ni nani anayehesabiwa kuwa mjenzi. Katika force account mjenzi ni taasisi yenyewe: shule au halmashauri ndiyo inayonunua saruji, nondo na bati, kamati za ujenzi, ununuzi na mapokezi ndizo zinazosimamia, na fundi hulipwa ufundi tu. Kwa njia hiyo yalijengwa madarasa 15,000 kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021 kwa sehemu ya mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kila darasa likitengewa Shilingi milioni 20. Kwa kazi za aina hiyo hudaiwi usajili wa mkandarasi, na bei ya saruji ikipanda katikati ya kazi, hasara si yako. Hata hivyo mafundi nao siku hizi wanatakiwa kuonekana katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa hiyo kama bado hujajisajili humo, anza na hilo.

Ukitaka kuchukua mradi mzima kwa mkataba, vifaa na ufundi pamoja, hapo unafanya kazi ya ukandarasi, na kuifanya bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ni kosa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997 iliyoianzisha Bodi hiyo. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba, la saba likiwa la chini, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi unayoruhusiwa kuchukua. Bodi itaangalia sifa za mtaalamu wa kampuni yako, vifaa na uwezo wa kifedha. Utahitaji pia usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, kisha usajili wa NeST ukiwa mzabuni.

Ushauri wangu, ndugu yangu, ni kwamba usikimbilie kampuni mwaka huu kama huna kazi unazozitazamia, kwa sababu ada ya mwaka ya Bodi hulipwa hata kama hukupata mkataba wowote. Tumia muda huu kukusanya barua za kuthibitisha kazi ulizozimaliza, zikiwa zimesainiwa na mkuu wa shule na mhandisi wa halmashauri na kutaja jengo na tarehe. Mafundi wengi hodari wamejenga nusu ya majengo ya kata zao na hawana karatasi hata moja ya kuonyesha.

Kikundi chetu cha vijana kilikwenda halmashauri kuulizia ile asilimia ya vikundi. Tuliambiwa fungu limekwisha na turudi mwakani. Je, ni kweli kwamba fungu huisha? — Mwenyekiti wa kikundi, aliyeomba wilaya yake isitajwe

Ninavyoielewa barua yako, mwenyekiti, mliuliza jambo moja na mkajibiwa jingine. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa kama mikopo isiyo na riba, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Hizo ni fedha za kukopa, zinarejeshwa, na kwa mwaka husika zinaweza kwisha. Jambo tofauti kabisa ni takwa la sheria ya ununuzi kwamba taasisi zinazonunua kwa fedha za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa ajili ya makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Hiyo ni kazi ya kuifanya na kulipwa, na katika zabuni iliyotengwa hivyo mnashindana na vikundi vingine, si na kampuni kubwa.

Ili muipate, kwanza kikundi kitambuliwe kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, kisha kisajiliwe katika NeST kikiwa kundi maalumu. Kikundi kilichosajiliwa kama mzabuni wa kawaida hakitaonekana pale zabuni za makundi zinapotangazwa. Baada ya hapo fungueni mpango wa ununuzi wa mwaka wa halmashauri yenu, ambao huwekwa katika mfumo huohuo. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mpango huo unaonyesha ni kazi gani zinatarajiwa. Mkiona upakaji rangi, uzibuaji wa mitaro, uzio au ukarabati mdogo, mnayo miezi ya kujiandaa badala ya siku chache za tangazo.

Kwa kuwa asilimia 30 hupimwa kwa ununuzi wa mwaka mzima, zabuni moja isiyotengwa kwa vikundi haimaanishi kwamba sheria imevunjwa. Lakini mnayo haki ya kumwandikia Mkurugenzi barua ya heshima kumuuliza ni kazi zipi zimetengwa mwaka huu. Iandikeni, mpeleke, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Mkopo wa asilimia 10 pia usiupuuze, kwa sababu kikundi kilichopata zabuni na hakina mtaji wa kununua rangi kitakwama siku ya kwanza.

Nimesajiliwa daraja la saba. Nilishinda zabuni ya jengo kwa kuweka bei ya chini kuliko wote, na sasa nimesimama katikati: muuza vifaa ananidai, vibarua wananidai, na malipo ya awamu ya kwanza hayajatoka. Wengine wanapataje faida kwa bei zilezile? — Mkandarasi, Kanda ya Ziwa

Barua yako ndiyo iliyotufanya tutoe ukurasa huu, kwa sababu wengi wapo ulipo na wanaona haya kusema. Wengine nao hawapati faida kwa bei zilezile. Wapo wanaomaliza kwa kupunguza nondo na kuzidisha mchanga, na jengo hilo litawaangukia watoto wa watu. Nafurahi kwamba hukufanya hivyo.

Tazama hesabu hii, ambayo namba zake ni za mfano tu. Tuseme mhandisi amethibitisha kazi yenye thamani ya Shilingi milioni 20, tukiacha kando VAT, na mkataba wako unaruhusu asilimia 5 kushikiliwa hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kama jengo lina kasoro, kiishe. Shilingi milioni 1 inabaki huko. Kodi ya zuio kwa kazi ya ujenzi hukatwa kwenye sehemu ya huduma, ambayo sheria inaihesabu kwa uwiano wa 3 za vifaa kwa 2 za huduma: sehemu ya huduma ni milioni 8, na asilimia 5 yake ni Shilingi 400,000. Mkononi inakuja milioni 18.6. Kama kazi hiyo ilikugharimu milioni 18.5 kwa vifaa na vibarua, umebakiwa na Shilingi 100,000, na bado hujahesabu mafuta, mlinzi, maji ya kujengea wala safari zako za kufuatilia malipo. Kodi iliyokatwa utaihesabu katika kodi yako ya mwaka, na fedha iliyoshikiliwa utairudishiwa kama jengo halina kasoro, lakini zote mbili hazilipi vibarua wa wiki hii.

Gharama nyingine ambayo wakandarasi wadogo huisahau ni muda. Halmashauri nyingi hujenga kwa fedha zinazotoka Hazina au kwa mapato ya ndani yanayokusanywa polepole, na siku ya kuthibitishiwa kazi si siku ya kulipwa. Ukichukua vifaa kwa mkopo, muuza vifaa ameshaiweka faida yake ya kusubiri ndani ya bei anayokuuzia, nawe usipoiweka yako ndani ya bei ya zabuni, unaulipia mradi wa serikali kutoka mfukoni mwako. Kwa hiyo kabla ya kujaza mchanganuo wa gharama, ule ambao sote tunauita BOQ, jiulize ni miezi mingapi unaweza kujenga bila kupokea malipo, kisha utafute bei ya vifaa katika duka lililo karibu na eneo la kazi na si mjini ulikozoea, kwa kuwa mfuko wa saruji uliofika kijijini una bei nyingine kabisa.

Usidhani pia kwamba bei ya chini kabisa ndiyo inayoshinda kila mara. Kinachopimwa ni bei iliyotathminiwa ya mzabuni aliyekidhi vigezo, na bei iliyo chini kupita kiasi inaweza kuhojiwa na hata kukataliwa. Ni afadhali kuikosa kazi kwa bei ya haki kuliko kuipata kwa bei itakayokufilisi, na hilo nalisema nikijua jinsi inavyouma kukosa.

Kwa sasa fanya mambo matatu bila kuchelewa. Soma masharti mahususi ya mkataba wako uone ni siku ngapi taasisi imepewa kulipa baada ya kuthibitisha, na kama kuna riba kwa ucheleweshaji. Mwandikie msimamizi wa mradi barua ya kudai malipo na kuomba muda wa nyongeza unaolingana na ucheleweshaji huo, kwa kuwa ukinyamaza, siku zitaendelea kuhesabiwa na utatozwa fidia ya kuchelewesha kazi. Kisha ulizia Bodi kuhusu mfuko wake wa kusaidia makandarasi wadogo na wa kati, ambao hutoa dhamana za zabuni na za malipo ya awali, ili kazi ijayo usiianze kwa mkopo wa dukani.

Zabuni yetu ilikataliwa kwa maelezo ya sentensi moja kwamba hatukukidhi vigezo. Baadaye mtu mmoja alitupigia simu akasema kwa asilimia 10 anaweza kutusaidia zabuni ijayo. Tufanye nini? — Wakurugenzi wa kampuni, Dodoma

Kabla ya mkataba kusainiwa, taasisi huwapa wazabuni wote walioshiriki taarifa ya kusudio la kutoa tuzo, yaani inataja ni nani inayekusudia kumpa kazi. Isomeni mara inapofika, kwa sababu muda wa kulalamika ni siku chache za kazi. Lalamiko la kwanza huenda kwa Afisa Masuuli, ambaye kwa halmashauri ni Mkurugenzi. Msiporidhika na uamuzi wake, au asipotoa uamuzi ndani ya muda, mnakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA. Katika lalamiko msiandike kwamba mmeonewa. Andikeni kigezo kilivyosomeka katika nyaraka za zabuni, mlichowasilisha, na mahali kilipo katika zabuni yenu. Mkiona wenyewe kwamba hati fulani ilikuwa imepitwa na muda, ni vyema kutolalamika na kuirekebisha kabla ya zabuni nyingine, maana hati ya kodi au leseni iliyoisha ni kosa linalowaangusha wengi bila fitina ya mtu yeyote.

Kuhusu aliyepiga simu, msimjibu kwa fedha wala kwa ahadi. Kutoa na kupokea vyote ni makosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mara nyingi watu wa namna hiyo hawana uwezo wowote juu ya tathmini. Hata diwani si mjumbe wa bodi ya zabuni. Hifadhini namba yake na muda aliopiga, kisha mpige TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haitozwi.

Ofisi ya mhandisi wa halmashauri imeniambia haihusiki na barabara za mitaa. Nani anahusika? — Msomaji, Tanga

Umeambiwa kweli. Tangu mwaka 2017 barabara hizo zipo chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambayo ina meneja katika kila wilaya na hutangaza zabuni zake yenyewe katika NeST. Ukitafuta kwa jina la halmashauri hutaziona. Kama huna mitambo, muulize meneja wa wilaya kuhusu matengenezo ya kawaida kama kufyeka kando ya barabara na kuzibua makalavati, kwa kuwa katika baadhi ya maeneo kazi hizo hupewa vikundi vya wakazi wanaoishi kando ya barabara husika.