Maswali ya Wasomaji: Timu ni Yetu, Uwanja ni Mtupu

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mzee wa miaka sitini na moja, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiingia uwanjani kuitazama timu ya mkoa wetu, ambayo kwa heshima yake naomba nisiitaje. Jumatano moja ya msimu uliopita tulicheza nyumbani saa kumi jioni. Nilinunua tiketi yangu ya elfu tatu, nikakaa mahali pangu pa siku zote, karibu na nguzo ya tatu kutoka lango kuu, na kwa kuwa mchezo ulikuwa umepooza nikaanza kuhesabu watu. Upande wa mzunguko, yaani nje ya jukwaa kuu, nilipata mia moja arobaini na wawili, nikiwatoa askari na vijana wa kuokota mipira. Palikuwa kimya kiasi kwamba kipa alipomwita beki wake, sote tulisikia, na muuza karanga aliyeketi safu mbili chini yangu akaitikia kwa utani, "Naam!"

Wiki tatu baadaye ikaja Yanga. Siku hiyo nilifika saa sita mchana nikakuta mahali pangu pamekwisha kukaliwa, watu wamepanda hadi kwenye miti ya nje ya ukuta, na majirani zangu wa mtaani, ambao tunaswali pamoja na kuzikana, wamevaa kijani na njano. Bao letu lilipoingia nilisimama kushangilia, na jirani yangu mmoja akaniambia, "Mzee, keti, unatuziba." Je, ni kweli kwamba sisi watu wa mikoani hatuna uaminifu kwa timu zetu? Na mimi nifanye nini, niwasuse au nami nibaki nyumbani?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Hilo la "keti, unatuziba" limenikaa rohoni tangu niliposoma barua yako, kwa sababu aliyelisema ni mtu wa mtaani kwako, na wewe ulikuwa unashangilia bao la timu ya kwenu katika uwanja wa kwenu.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba mashabiki wa mikoani hawana uaminifu. Jirani yako anao, tena wa kupindukia; ila aliukabidhi mahali pengine siku nyingi kabla timu ya mkoa wenu haijamfikia. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwa miongo mingi redio ya taifa ndiyo iliyozipeleka klabu hizi mbili za Kariakoo, Dar es Salaam, hadi vijiji ambavyo havijawahi kumwona mchezaji wao hata mmoja kwa macho. Mtoto alizaliwa akaikuta redio juu ya kabati, na baba amekwisha kumchagulia rangi. Timu ya mkoa, kama ilikuwapo, ilikuja baadaye, ikapanda daraja, ikashuka, ikabadilisha jina, na yule mtoto akaipenda kwa mapenzi ya mke wa pili anayejua kwamba siku bi mkubwa akija mjini, yeye atapisha.

Ushindi nao umeongezea uzito upande uleule. Kuanzia mwaka 2001 hadi msimu wa 2024/25, ubingwa wa Tanzania Bara umetoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, Azam ilipouchukua msimu wa 2013/14. Vijana wengi wa leo hawajui kwamba hali haikuwa hivyo siku zote: Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986 ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Mtu aliyekuwa kijana Tanga mwaka 1988 alikuwa na sababu ya kuvimba kifua kwa ajili ya mji wake. Mwanawe amekua akisimuliwa tu.

Wakati mwingine, lakini, mlango huo umefunguka. Msimu huohuo wa 2013/14, Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji iliyokuwa inacheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, ilimaliza katika nafasi ya tatu, mbele ya Simba. Uwanja wa Sokoine ukageuka zambarau. Watu waliokuwa Yanga na Simba tangu tumboni walivaa jezi ya jiji lao, na wengine wakaanza kusafiri na timu hadi mikoa ya mbali kwa mabasi ya kukodi. Nimesikia wengi wakisema yale yalikuwa matokeo tu, na kwamba timu ikishinda watu huja wenyewe. Mimi nadhani kulikuwa na zaidi ya hapo: ilikuwa timu yenye jina la mji, inayokaa mjini, na mtu wa Mwanjelwa aliweza kukutana na mchezaji wake sokoni akamlaumu kwa pasi aliyoiharibu Jumamosi. Miaka ilipopita makali yakaisha, timu ikafika hadi kushuka daraja mwaka 2023, na wengi waliovaa zambarau wakarudi kwa bi mkubwa. Lakini tuliona kwamba inawezekana.

Sasa tazama upande wa pili wa mkoa uleule wa Mbeya. Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates huko Ubaruku, wilayani Mbarali, Ihefu iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukatisha mbio zake za michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Ni mji mdogo wa wakulima wa mpunga, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa inalitaja jina lake. Ukitafuta siku ya kupanda mbegu ya ushabiki ambayo wajukuu wangeirithi, hutapata iliyo bora kuliko hiyo. Kilichofuata ni kwamba mwaka 2024 timu ilihamia Singida, ikaanza kuutumia uwanja wa Liti, na msimu uliofuata ikawa inaitwa Singida Black Stars. Hao wa Singida wenyewe walikuwa wametoka kuishuhudia timu yao nyingine ikibadilishwa jina kisha ikiondoka mkoani. Wenye klabu wana haki zao kisheria na hesabu zao za fedha, wala sina ugomvi nao. Ninachouliza ni kitu kimoja: yule mkulima wa Ubaruku aliyemwonyesha mwanawe kwamba hata Yanga hufungwa hapa kwetu, tukimkuta leo kwenye kibanda cha kutazamia mpira amevaa jezi ya Yanga, tutamwambia hana uaminifu? Nani aliyeondoka kwanza?

Azam ni kisa cha namna nyingine, nami nitakipita haraka. Ina uwanja wake pale Chamazi, Dar es Salaam, nyasi nzuri, akademi, mishahara inayolipwa kwa wakati, na ubingwa ule wa 2013/14 iliupata bila kufungwa hata mchezo mmoja. Pamoja na hayo yote, jukwaa lake hujaa pale mgeni anapokuwa Simba au Yanga. Fedha hujenga timu kwa miaka mitano. Mashabiki huchukua vizazi.

Halafu kuna televisheni, ambayo watu wa mpira huilaumu kwa kila kitu, na safari hii nami nitaungana nao nusu njia. Mkataba wa haki za matangazo uliotiwa saini mwaka 2021 ni wa miaka kumi na thamani yake ni shilingi bilioni 225.6. Umeziokoa klabu nyingi ambazo zamani zilikuwa zinasafiri kwa kuchangishana nauli, na hilo si jambo dogo. Lakini umeleta ratiba ambayo mchezo unaweza kuchezwa katikati ya juma saa nane mchana, wakati fundi yuko kazini, mama yuko sokoni na mwanafunzi yuko darasani, kwa sababu saa nyingine zimekwisha kupangiwa michezo mingine. Na umeleta jambo baya zaidi, ambalo halionekani kwenye kioo: kiti kitupu hakimuumi tena kiongozi wa klabu. Zamani mapato ya mlangoni yakipungua, katibu alikuwa anapita mtaani na kipaza sauti juu ya gari bovu kuwaomba watu waje. Leo fungu la televisheni linaingia hata kama waliokuja ni mia moja arobaini na wawili.

Kwa upande wa shabiki hesabu ni nyepesi zaidi. Kibanda umiza, yaani kibanda cha kulipia kutazama mpira kwenye televisheni, kinatoza mia tano, kina benchi, kina kivuli, kina marudio ya bao, na baada ya dakika tisini kinaonyesha mchezo wa Uingereza. Niungame hapa kwamba mimi mwenyewe, safari moja nikiwa mkoani kikazi, niliutazama mchezo wa ligi kibandani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka uwanja uliokuwa unachezewa. Mvua ilikuwa inatishia. Kelele za uwanjani zilitufikia kwa masikio kabla bao halijaonekana kwenye kioo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona aibu.

Kuhusu hali ya viwanja sitasema mengi. Sokoine, Kirumba, Mkwakwani, Jamhuri ya Morogoro na Sheikh Amri Abeid vyote ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, na klabu huvitumia kama mpangaji. Mpangaji hajengi choo cha kudumu. Mama anayetaka kuja na binti zake huliwaza hilo kabla ya kuwaza kiingilio.

Sasa la kwako, mzee wangu. Usiwasuse majirani, hao ndio mashabiki pekee mtakaowapata, na siku ile ya Yanga ilionyesha kwamba njia ya kwenda uwanjani wanaijua na elfu tatu wanazo. Wala usibaki nyumbani. Mchukue mjukuu mmoja, au mtoto wa huyo jirani aliyekuambia uketi, umkalishe karibu na nguzo ya tatu Jumatano yenye watu wachache, siku ambayo anamsikia kipa akiita na anaweza kusogea hadi kwenye uzio. Mtoto aliyewahi kupigiwa saluti na winga wa timu ya nyumbani ana kumbukumbu ambayo televisheni haiwezi kumpa. Kisha nenda ofisi ya klabu ukawaombe kitu kisichowagharimu lolote, yaani kuwafungulia lango wanafunzi wa shule za msingi wenye sare katika michezo ya siku za kazi inayoanza baada ya masomo. Kwa michezo hiyo viti ni vitupu vilevile.

SWALI: Mimi ni shabiki wa Gor Mahia kutoka Nairobi. Je, shabiki anayeacha kuja uwanjani timu inapofanya vibaya aliwahi kuwa shabiki wa kweli?

JIBU: Ndugu yangu, wewe ungepaswa kutujibu sisi. Klabu yako ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 1995, kisha ikakaa miaka kumi na minane hadi ilipoupata tena mwaka 2013, na katika muda huo wote K'Ogalo, kama mnavyoiita, haikukosa watu wa kuiimbia. Watani wenu AFC Leopards waliupata wa mwisho mwaka 1998, na bado siku ya Mashemeji, mnapokutana ninyi kwa ninyi, Ingwe, yaani hao Leopards, huja na ngoma zao kana kwamba kombe liko njiani. Klabu hizo mbili zilijengwa juu ya jamii, nyumba na lugha, na mtu hawezi kuhama ukoo kwa sababu ya kufungwa Jumapili. Msingi huo una madhara yake, na mnayajua kuliko mimi, lakini kwa swali ulilouliza ndio unaotoa jibu.

Hata hivyo nisingemhukumu haraka anayekaa nyumbani. Kuna anayekosa nauli, kuna aliyewahi kukanyagwa langoni akaapa kutorudi, na kuna anayekuja timu ikiwa mbaya kwa sababu tu anapenda kulalamika hadharani. Huyo wa mwisho tunamwita shabiki wa kweli kwa vile tunamwona. Wa kwanza huenda anasikiliza redio peke yake, anakosa usingizi, na hakuna anayemhesabu.

SWALI: Mimi ni kiongozi katika klabu ndogo ya Ligi Kuu. Tunafikiria kuomba mchezo wetu wa nyumbani dhidi ya moja ya timu kubwa tukauchezee Dar es Salaam ili tupate mapato. Una maoni gani?

JIBU: Mapato yatakuwa makubwa, sikatai, na najua kwamba mshahara wa mwezi wa wachezaji hauwezi kulipwa kwa hoja za mwandishi wa safu. Lakini mtakuwa mmeuza siku pekee katika msimu ambayo mji wenu mzima unakuja uwanjani bila kuitwa, na mtakuwa mmeiuza kwa watu ambao hawatakuja kuwatazama wiki inayofuata mkicheza na timu ya mkoani kama Namungo. Mzee wa barua ya kwanza alinyang'anywa mahali pake kwa saa chache. Ninyi mnataka kuichukua na nguzo yenyewe.

Kama shida ni fedha, uchezeni nyumbani, mpandishe kiingilio cha jukwaa kuu, na mtenge upande mmoja wa mzunguko kwa wenye kadi za uanachama au vipande vya tiketi za michezo mitatu ya nyumbani iliyotangulia, hadi saa tisa alasiri. Baada ya saa tisa, nafasi zitakazobaki wapeni wanaokuja kwa ajili ya mgeni.