Crown Athlete, BMW 528i au Mercedes E250: ipi ina nguvu zaidi ukiwa Mbeya?

Swali: Habari za kazi fundi. Mimi niko Mbeya, natumia Toyota Mark X 250G ya mwaka 2012, CC 2500. Karatasi zake zinasema farasi 203. Shemeji yangu ana Mercedes C200 ya 2015, CC 2000, farasi 184. Tukiwa Dar tunakwenda sawa tu, lakini huku kwetu, hasa tukipanda kwenda Chunya, ananiacha mpaka naona aibu. Nimeshapeleka gari kwa mafundi, wanasema injini ni nzima. Sasa nataka kubadilisha. Nimetajiwa Crown Athlete 3.5 yenye farasi 315, BMW 528i yenye 245 na Mercedes E250 yenye 211, zote za kati ya 2013 na 2015. Kwa hesabu yangu Crown ndiyo mwisho wa maneno. Niko sahihi?

Jibu: Ndugu yangu, mafundi wako wamekwambia kweli, na shemeji yako hana ujanja wowote aliouficha chini ya boneti. Kinachokuponza ni mambo mawili: ile 203 uliyoisoma ni nguvu ya mzunguko ambao mguu wako haufiki, na injini yako inavuta hewa ya Mbeya.

Tuanze na mzunguko. Kiwanda kinapoandika farasi 203 kwa Mark X 250G, kinamaanisha injini ya 4GR-FSE ikiwa inazunguka mara 6,400 kwa dakika. Siku nyingine ukiwa unapanda mlima, tupia jicho mshale wa mizunguko kwenye dashibodi. Kwa dereva wa kawaida mwenye familia na mizigo garini, utaukuta umetulia kati ya 2,500 na 3,500. Hapo hakuna farasi 203. Ziko ngapi basi? Hesabu yake ni nyepesi na nataka uishike, maana itakufaa kwa gari lolote utakaloonyeshwa. Chukua nguvu ya msokoto ya injini, ile inayoandikwa kwa Nm, zidisha kwa idadi ya mizunguko kwa dakika, kisha gawa kwa 7,000. Unachopata ni farasi za PS, kipimo wanachotumia Wajapani na Wajerumani.

Mark X yako ina msokoto wa juu kabisa wa Nm 243, nao unapatikana kwenye mizunguko 4,800. Hata tukiipendelea, tukasema inao wote kwenye 3,000, tunapata farasi 104. C200 ya shemeji ina Nm 300, na kwa sababu ya turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa kwa nguvu, inazitoa zote kuanzia mizunguko 1,200 mpaka 4,000. Kwenye 3,000 hizo ni farasi 128. Kwa hiyo gari linalosemwa lina farasi 184 limeshakuzidi kwa farasi 24 pale pale mnapoendesha kila siku, hata mkiwa Dar. Dar hamkuliona kwa sababu barabara ni tambarare, na kwenye tambarare gari halidai nguvu nyingi.

Sasa panda Mbeya. Mji wako uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700. Pwani, msukumo wa hewa ni kilopaskali 101. Kwenu ni kama 82. Injini isiyo na turbo haina namna ya kuilazimisha hewa iingie, inavuta iliyopo. Hewa ikipungua, oksijeni imepungua, kompyuta nayo inapunguza petroli ili mchanganyiko usiharibike, na mlipuko ndani ya silinda unakuwa mdogo. Kanuni tunayoitumia sisi mafundi ni hasara ya karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kwa Mbeya ni kama asilimia 17. Zile 203 zinakuwa 168 hata ukikanyaga mafuta mpaka sakafuni. Zile 104 za kwenye mizunguko 3,000 zinakuwa 86.

Injini ya turbo hujitetea. Sensa inasoma msukumo wa hewa ya nje, kompyuta inaiachia turbo izunguke kwa kasi zaidi mpaka hewa inayoingia kwenye silinda ifikie kiwango kile kile kilichopangwa kiwandani. Haijitetei bila kikomo, kwa sababu turbo nayo ina mwisho wa kasi yake, na kwenye mizunguko ya juu kabisa mlimani utaona imepungua kidogo. Lakini kwenye 3,000 ya shemeji yako hasara ni ndogo mno. Weka namba zake kando ya zako: wewe 86, yeye karibu na 128. Ana nusu nzima zaidi yako, na barabara ya Chunya inavuka mita 2,000, kwa hiyo kadiri mnavyopanda pengo linazidi kufunguka.

Njoo kwenye gari unalotaka kununua. Crown Athlete 3.5 ina injini ya V6 iitwayo 2GR-FSE, farasi 315 kwenye mizunguko 6,400, Nm 377 kwenye 4,800, haina turbo. BMW 528i ya miaka uliyotaja ina injini ya N20, silinda nne, lita 2.0, turbo, farasi 245 kuanzia mizunguko 5,000, Nm 350 kuanzia 1,250 mpaka 4,800. Mercedes E250 iliyofanyiwa mabadiliko 2013 ina M274, nayo silinda nne, lita 2.0, turbo, farasi 211 kwenye 5,500, Nm 350 kuanzia 1,200 mpaka 4,000.

Dar es Salaam hesabu yako inasimama. Kwenye 4,800 Crown inatoa farasi 258 na BMW inatoa 240. Mshale ukiendelea kupanda, Crown inakwenda mpaka 315 wakati BMW imeshagota kwenye 245. Tena Crown ni nyepesi kidogo kuliko hao Wajerumani wawili, ambao kila mmoja ana karibu tani moja na nusu na robo hivi. Ukikanyaga kweli kweli, V6 ile inawaacha, na sauti yake ni tamu hasa.

Mbeya mambo yanageuka. Toa asilimia 17: kwenye 4,800 Crown inabaki na farasi 214 huku BMW ikiwa bado karibu na 240. Kwenye 3,000, pale unapoishi wewe, Crown haizidi 134 na Wajerumani wote wawili wana 150. Crown inakuja kurudisha heshima yake mshale ukikaribia 6,000, na sijui ni mara ngapi kwa mwezi utaupeleka huko ukiwa na mama watoto pembeni.

Hapo hapo kuna jambo watu wengi hawalioni kwenye karatasi. E250 na 528i zinatofautiana kwa farasi 34, lakini msokoto wao ni ule ule Nm 350, na mpaka mizunguko 4,000 zinatoa nguvu sawasawa. Tofauti inajitokeza juu ya hapo tu, msokoto wa Mercedes unapoanza kushuka na wa BMW ukiendelea. Ndiyo maana viwandani BMW inapimwa kutoka sifuri mpaka kilomita 100 kwa sekunde 6 na kitu, na E250 kwa sekunde 7 na kitu: kipimo kile kinafanywa kwa kukanyaga mpaka mwisho. Gia nane za BMW, na jinsi zinavyobadilika haraka, zinaisaidia pia; E250 ina saba. Kwa mtu anayeendesha kwa utulivu, kuilipia BMW zaidi kwa ajili ya farasi hizo 34 ni kununua kitu asichokitumia.

Usiamini namba iliyobandikwa kwenye buti. BMW 528i ya kizazi hiki hiki, kinachoitwa F10, iliyotoka kabla ya mwishoni mwa 2011 ilikuwa na silinda sita isiyo na turbo, gari jingine kabisa kwa hesabu hizi. E250 ya kabla ya 2013 ina lita 1.8, farasi 204, Nm 310. Na magari mengi ya BMW yanayokuja kutoka Japani yameandikwa 523i. Lile la N20 ni injini hiyo hiyo ya lita 2.0 lakini imepunguzwa mpaka farasi 184 na Nm 270. Dalali atakwambia "zote ni zile zile". Muulize jina la injini.

Halafu kuna petroli. Mark X yako inaridhika na petroli ya kawaida ya Japani. Toyota waliitengeneza hivyo kwa kizazi hiki, na ndiyo sababu farasi zilishuka kutoka 215 za Mark X ya kwanza. Hizi tatu unazozitaka zinahitaji petroli ya daraja la juu. Ukizipa petroli dhaifu hazitazima wala kuwasha taa; sensa itasikia mlio wa kugonga ndani ya silinda, kompyuta itachelewesha moto wa plagi, na nguvu itapungua kimya kimya. Injini za turbo ndizo zinazoumia zaidi hapo. Kama kituo unachokiamini kinauza petroli ya aina moja tu, liingize hilo kwenye uamuzi wako.

Mimi ningekuwa wewe ningeongeza gari la nne ambalo hukutajiwa: Crown Athlete ya turbo, lita 2.0, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2015. Injini yake ni 8AR-FTS, farasi 235, Nm 350 kuanzia mizunguko 1,650 mpaka 4,400, gia nane. Isome tena hiyo Nm 350. Ni msokoto ule ule wa E250 na 528i, ndani ya gari ambalo fundi wa Toyota pale Mbeya anajua kulifungua. Nayo inataka petroli nzuri, sikufichi, lakini kwa mwinuko wenu na kwa upatikanaji wa vipuri ndilo chaguo langu la kwanza, mbele ya ile 3.5 ambayo moyo wako umeiangukia.

Ukibaki na Wajerumani, nenda na fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kwenye N20 za miaka hiyo, vishikizo vya plastiki vinavyoongoza cheni ya taimingi vinajulikana kwa kuchakaa na kuvunjika, na vikivunjika injini inaweza kufa yote. Washa gari likiwa limelala usiku kucha, sikiliza mluzi au mkwaruzo upande wa mbele wa injini. Kwenye M274, chomoa soketi za sumaku za kamshafti uangalie kama oili imepenya kwenye nyaya. Kisha lipeleke mlimani, kanyaga kwenye gia ya tatu kuanzia mizunguko 2,000, na mwambie fundi asome msukumo wa turbo. Turbo iliyochoka au hozi iliyopasuka inajificha vizuri kwenye tambarare, ila mlimani itakuumbua. Ukinunua E250 yenye hozi inayovuja, utakuwa umelipa hela nyingi kupata nguvu ndogo kuliko ya Mark X.

Ninalisisitiza hili la nguvu ya katikati kwa sababu ya usalama. Barabara yenu imejaa malori ya Tunduma, na ninachokijali mimi ni sekunde unazokaa upande usio wako ukilipita moja. Farasi za kwenye 6,400 hazikusaidii chochote kama unaanza kupita ukiwa kwenye 2,500 na gia inasuasua kushuka.

Kwa hiyo kabla hujapata gari jipya, anza leo na Mark X uliyonayo. Kabla ya kutoka nyuma ya lori, barabara ikiwa wazi na unaiona mbali, sogeza gia upande wa S na ushushe mwenyewe mpaka mshale ufike 4,500 hivi, ndipo utoke. Kwenye 4,800, hata kwa hewa ya Mbeya, injini yako ina farasi 138 badala ya zile 86. Usiionee huruma kwa mizunguko hiyo. Imetengenezwa kuihimili, mradi oili ni safi na imetimia. Na kama hata hapo haivuti, mwambie fundi afungue njia ya hewa aangalie valvu. 4GR-FSE inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna petroli inayoosha mgongo wa valvu za kuingizia hewa, na masizi hujijenga pale mwaka hadi mwaka. 2GR-FSE ya Crown ina nozeli mbili kwa kila silinda, moja ikiwa kwenye njia ya hewa, nayo haisumbui sana kwa hilo. Lakini Mark X ya 2012 ambayo haijawahi kusafishwa valvu, mimi sitaamini kwamba ina zile 203 hata ukiipeleka Dar.